Karata Imebadilika, Mkono Je?

Mwezi huu naomba tuweke pembeni kidogo habari za harusi, vikoba na mawifi, tuzungumzie karata. Usifunge ukurasa! Sizungumzii kamari, wala zile karata za kijiweni ambazo wazazi wetu walituambia zinaleta uvivu. Nazungumzia mazingaombwe ya karata, na hasa kitu kimoja kidogo sana ndani yake: ile sekunde moja au mbili baada ya karata kubadilika mkononi mwa mchezaji. Nimekaa nayo kichwani kwa wiki kadhaa sasa, na kadiri ninavyoifikiria ndivyo ninavyoona inatuhusu sisi wenye wachumba na wenye ndoa kuliko tunavyodhani.

Sisi tuliosoma shule ya msingi miaka ya tisini tunawakumbuka wale jamaa wa mazingaombwe. Mnatangaziwa mstarini kwamba kesho kila mtu aje na kiingilio, kesho yake mnajazana darasani mpaka madirishani, na bwana mmoja mwenye begi anaanza kutoa vitambaa mdomoni na kugeuza karatasi kuwa noti. Tulirudi nyumbani tukiapa kwamba yule bwana ana majini. Si majini, jamani. Ni mazoezi. Na wenyewe wanaoijua kazi hiyo watakwambia kwamba kugeuza kitu siyo sehemu ngumu. Kazi iko kwenye kumaliza.

MKONO ULIOBEBA YAI

Pale ofisini kwetu tuna kijana mpiga picha ambaye haachani na pakiti ya karata. Wakati tunasubiri mwanamitindo apakwe poda, yeye yuko kwenye kona anazichanga. Siku moja akatuita mezani. Fungu la karata liko mkono wa kushoto, sura zake zinatutazama sisi, na ya mbele kabisa ni Nne ya Kopa, nyekundu. Akapitisha kiganja cha kulia mbele yake, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi. Nne ya Kopa ikawa Tisa ya Shupaza, nyeusi tii.

Tukapiga kelele zote. Ila dada wetu wa mapokezi hakupiga. Akasema, "Hebu fungua huo mkono wa kulia."

Kijana akanywea. Akamwuliza ameona nini. Dada akajibu, "Sijaona kitu chochote. Ila huo mkono umeukaza kama umebeba yai."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Macho ya yule dada hayakuona karata ikiondoka. Mabadiliko yenyewe yalikuwa safi kabisa. Kilichomuuza kijana ni mkono baada ya tukio: vidole vimebanana, kidole gumba kimekakamaa, kiwiko kimeganda hewani, na macho yake mwenyewe yanauangalia mkono huo huo anaotaka sisi tusiuangalie. Alikuwa ameshashinda, halafu akajifunga bao mwenyewe.

Nisikuharibie uhondo kwa kukufundisha hila nzima, lakini nikudokeze kidogo ili tuelewane. Kubadili karata kwa namna ile kuna njia nyingi, na nyingi zinaangukia katika makundi mawili. Katika kundi la kwanza, karata mpya imefichwa kiganjani tangu mwanzo, mkono unapita na kuiacha juu ya ile ya zamani. Ukimaliza, mkono ni mtupu kweli kweli. Katika kundi la pili, karata mpya iko nyuma ya ile mnayoiona, mkono unapita na kuondoka na ile ya mbele. Ukimaliza, umebaki na mzigo kiganjani. Kwa hiyo kila njia ina deni lake: moja unalilipa kabla, nyingine unalilipa baada. Kijana wetu alikuwa amechagua ya pili, na kuanzia Tisa ya Shupaza ilipotokea hakujua aupeleke wapi ule mzigo.

WAZEE WA KAZI WANASEMAJE

Nikaanza kusoma, si unajua tena sisi watu wa habari hatuwezi kuacha kitu kikapita. Kumbe swali hili la namna ya kumaliza ni la zamani sana.

Mwaka 1902 huko Chicago, Marekani, kilichapishwa kitabu kiitwacho The Expert at the Card Table. Mwandishi alijiita S. W. Erdnase, na mpaka leo zaidi ya miaka mia moja baadaye watu bado wanabishana huyu bwana alikuwa nani hasa. Kitabu kinafundisha hila za wacheza kamari, na kisha hila za wanamazingaombwe, zikiwemo njia kadhaa za kubadili karata. Jambo ambalo Erdnase hachoki kulirudia ni kwamba mwendo wa mikono wakati wa hila usitofautiane na mwendo wake wakati hakuna hila. Ukichanga karata kwa haraka, changa hivyo siku zote. Ukizichanga polepole, basi iwe polepole siku zote. Siku unayobadilika ndiyo siku unayokamatwa.

Mtu aliyekichukua kitabu hicho na kukiishi ni Dai Vernon, mzaliwa wa Ottawa, Kanada, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1992. Wenzake walimpa jina la Profesa. Mwaka 1922, tena hapo hapo Chicago, alimwonyesha Harry Houdini mchezo wa karata moja inayopanda juu ya fungu kila ikiwekwa katikati. Houdini alikuwa akijitapa kwamba hakuna mchezo atakaoonyeshwa mara tatu mfululizo asiujue unavyofanyika. Vernon akamrudia tena na tena, na Houdini hakupata jibu. Fikiria: bingwa wa dunia wa kufungua pingu na makufuli ameshindwa na karata moja mikononi mwa kijana asiye na jina!

Vernon aliishi miaka 98, na katika miaka hiyo yote wosia wake kwa wanafunzi ulikuwa mmoja: kuwa wa asili. Wengi walidhani anamaanisha waige mikono yake iliyotulia. Hapana. Alimaanisha kila mtu awe yeye mwenyewe. Mikono ya asili ya Vernon siyo mikono ya asili ya mtu mwingine. Kama wewe ni mtu wa kurusha rusha mikono ukiongea, basi mkono uliotulia kama wa padri ndio utakaokutia mashakani.

Kuna Mhispania mmoja naye, Arturo de Ascanio, wakili aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki mwaka 1997, ambaye alikaa chini na kuiandikia nadharia kazi hii. Nimependa sana wazo lake la tendo la njiani. Anasema mtu akikutazama hukumbuka lile tendo kuu tu, lile lenye sababu. Matendo madogo yaliyofanyika njiani kuelekea huko hayahifadhiwi kichwani. Ukimwuliza mwenzako jana alifanya nini alipoingia ndani, atakwambia aliwasha taa. Hatakwambia alihamisha funguo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto ili awashe taa. Lakini alihamisha. Basi mwanamazingaombwe anauficha mzigo wake hapo, katika kuhamisha funguo.

Chukua mfano wa kijana wetu. Akibaki ameganda na mkono hewani, mkono huo unakuwa ndio tendo kuu na kila mtu atauliza una nini. Lakini akisema, "Hebu ishike mwenyewe uhakikishe," mkono wa kulia una sababu ya kwenda kwenye fungu: unakwenda kuchukua Tisa ya Shupaza ili ampe mtu. Njiani, mzigo unarudi nyuma ya fungu. Watu wote wanaisubiri karata mpya iwafikie mikononi. Wanachokumbuka kesho yake ni kwamba walipewa karata waishike. Hakuna anayekumbuka mkono uligusa fungu.

MACHO YANAFUATA MACHO

Kitu cha pili ni macho. Mwaka 2006 watafiti wawili huko Uingereza, Gustav Kuhn na Michael Land, walichapisha utafiti wa mchezo rahisi sana. Mtu anarusha mpira mdogo juu na kuudaka, anarusha tena na kuudaka, halafu mara ya tatu anafanya mwendo ule ule wa kurusha lakini mpira unabaki kiganjani. Macho yake yanapanda juu kana kwamba yanaufuata. Watazamaji wengi waliapa kwamba waliuona mpira ukipanda na kutokomea hewani. Mpira ambao haukuondoka! Na vifaa vya kufuatilia macho vilionyesha kwamba hao walioapa hawakuwa wakiangalia juu muda wote. Walikuwa wakitupia jicho usoni kwa mchezaji ili kujua mambo yanaelekea wapi. Mchezaji alipoyabakiza macho yake kwenye mkono wenye mpira, waliodanganyika walipungua sana.

Sasa rudi kwa kijana wetu na mkono wake wa yai. Alikuwa anauangalia, nasi tukauangalia. Angetuangalia sisi usoni, acheke na sisi, aone tumeshangaa kiasi gani, nasi tungemwangalia yeye usoni. Na tena angepata kitu kingine cha bure: muda. Ile sekunde ambayo watu wanapiga kelele na kushikana mabega ndiyo sekunde ambayo hakuna anayechunguza. Wenye haraka wanaipoteza. Wanakimbilia kuficha mzigo kabla watu hawajashangaa, wakati wangesubiri kidogo tu wangeufanya mbele ya macho yao.

Kuhusu kutokuwa na haraka, hakuna mwalimu kama René Lavand wa Argentina. Alizaliwa Buenos Aires mwaka 1928, na akiwa na miaka 9 alipoteza mkono wa kulia katika ajali ya gari. Alikua, akafanya kazi benki, na huku akijifunza karata kwa mkono wa kushoto peke yake, bila mwalimu wa kumwonyesha kwa sababu vitabu vyote viliandikwa kwa watu wenye mikono miwili. Aliishia kuzunguka dunia na mchezo wake, akafariki mwaka 2015. Alizoea kuwaambia watazamaji kwamba mchezo ule hauwezi kufanywa polepole zaidi ya hapo, halafu anaufanya polepole zaidi. Hakuwa na mkono wa pili wa kuzugia watu. Kila alichokuwa nacho kilikuwa mezani, na bado karata zilibadilika.

MKE WA MPIGA PICHA

Turudi ofisini. Kijana wetu alifanya mazoezi mbele ya kioo kwa wiki nzima. Akaturudia, na safari hii hata dada wa mapokezi alipiga kelele. Tukampongeza, akasema tusifurahi sana, kwa sababu nyumbani bado anafeli. Mkewe anamkamata kila mara.

Nikamwuliza anamkamataje, mke ana ujuzi gani wa karata? Hana. Hajui hata kucheza. Ila alimwambia hivi: "Wewe baba ukishika karata huwa unazigongagonga pembeni zikae sawa. Hata ukiwa unaangalia mpira unazigonga tu. Ukifanya huo mchezo wako ndiyo hugongi."

Msomaji wangu, naomba usome tena hayo maneno. Huyu mama hajasoma Erdnase wala Vernon, lakini amesema walichosema. Sisi wa ofisini tulikuwa tunatafuta kitu cha ajabu. Yeye alikuwa anatafuta kitu cha kawaida, na hakukiona. Ili umjue mtu ametoka kwenye asili yake, lazima kwanza uijue asili yake, na hakuna anayeijua kama yule mnayelala naye chumba kimoja. Anajua unavyoshusha pumzi ukivua viatu. Anajua unavyojibu simu ya mama yako na unavyojibu simu ya bosi.

Na dawa ikatoka mle mle. Kijana akagundua kwamba hana haja ya kubuni namna mpya ya kumaliza. Anayo tayari! Siku hizi karata ikishabadilika anatulia, anacheka na watu, halafu mikono yote miwili inakutana kuzigonga karata zikae sawa, kama inavyofanya mara mia kwa siku. Katika kugonga huko mzigo unarudi kwenye fungu, na mikono inabaki mitupu. Amemaliza kwa tabia yake mwenyewe. Mkewe alipoona, alicheka tu, akasema, "Haya, leo umenipata."

MZIGO USIO WA MCHEZO

Najua tayari kuna mtu anasema, "Kwa hiyo mhariri anatufundisha kudanganya waume zetu." Subiri kwanza.

Nina rafiki yangu wa tangu chuo. Miaka michache iliyopita mkataba wa mumewe ulikatishwa ghafla katika kampuni moja hapa mjini. Yule shemeji yetu hakusema. Kwa karibu miezi miwili aliamka saa kumi na moja na nusu, akaoga, akapiga pasi shati, akaondoka, na jioni akarudi. Akiba ilikuwepo kidogo, kodi ya nyumba ilikuwa imeshalipwa, hakuna barua iliyosahaulika mezani wala meseji iliyoingia vibaya. Kwa lugha ya mpiga picha wetu, mabadiliko yalikuwa safi.

Rafiki yangu alijuaje? Aliniambia kwamba miaka yote ya ndoa yao, ukimwuliza huyo bwana kazi vipi anajibu maneno mawili: "Kazi tu." Basi. Ghafla akaanza kusimulia. Mkutano wa leo, nani kabishana na nani, kala nini mchana, foleni ilianzia wapi na trafiki alikuwa wa namna gani. Mwanzoni alifurahi, akadhani labda zile makala tunazoandika hapa kuhusu mawasiliano zimemwingia. Wiki ya tatu akaanza kuhisi baridi. Mwisho akamwuliza moja kwa moja, na bwana akakaa kwenye ukingo wa kitanda akamwaga yote.

"Kazi hata mimi naweza kupoteza kesho," rafiki yangu aliniambia. "Kilichoniuma ni zile hadithi za foleni."

Bwana naye alikuwa na lake la kusema, na sidhani alikuwa mtu mbaya. Alitaka apate kazi nyingine kwanza ndipo atoe habari mbili kwa pamoja, mbaya na nzuri, ili ile nzuri imfute mkewe machozi. Alitaka amalize vizuri. Tatizo ni kwamba kila siku aliyosubiri ilimlazimu kuongeza hadithi nyingine, na kila hadithi ilikuwa ni kidole kingine kilichokakamaa kwenye ule mkono. Alipata kazi baada ya miezi kadhaa. Wapo pamoja na wanapendana. Lakini rafiki yangu anakiri kwamba mpaka leo mumewe akisimulia kitu kirefu, anajikuta anamwangalia mikono.

Hapa ndipo karata na ndoa zinapoachana njia. Robert-Houdin, Mfaransa wa karne ya 19 ambaye Houdini alijipachika jina kutokana na lake, alifundisha kwamba mwanamazingaombwe ni mwigizaji anayeigiza nafasi ya mchawi. Mtazamaji anajua ni maigizo. Amekubali kudanganywa kwa dakika tano, na kama ni saa yake imetoweka, mwisho wa mchezo itarudi mkononi. Kuna makubaliano kati yao.

Linganisha na wale jamaa wa karata tatu wa stendi na sokoni. Mikono yao ni ya asili kabisa, pengine kuliko ya wanamazingaombwe wengi. Karata inabadilika, mkono unamaliza kama hakuna kilichotokea, wenzao waliojifanya wateja wanashangilia, na nauli yako ya kurudi nyumbani imekwenda. Ufundi ni ule ule. Tofauti ni kwamba wewe hukukubaliana nao kitu, na kinachopotea hakirudi.

Basi jiulize, nyumbani kwako nani alikata tiketi? Mwenza wako hakukaa kwenye kiti cha mtazamaji. Kwa hiyo somo la mkono wa asili kwake linageuka. Mchezaji hodari akishabadili karata hatafuti namna ya kuendelea kuubeba mzigo vizuri. Anatafuta namna ya kuutua mapema, ili asiwe na kitu cha kuigiza tena. Mkono mtupu hauhitaji mazoezi. Ukiwa na habari kiganjani, iwe ni kazi iliyokwisha, mkopo uliochukua bila kusema, au majibu ya daktari, kuitua mapema ndiyo namna pekee ya kurudi kwenye asili yako mbele ya mtu anayekujua. Itauma, ndiyo. Ila itauma kwa ajili ya jambo lenyewe tu, haitauma na kwa ajili ya foleni ambazo hukukaa.

UKITAKA KUJARIBU NA MWENZIO

Baada ya hayo mazito, tufurahi kidogo. Karata ni burudani nzuri ya wikendi kwa wawili, tena ya bei nafuu kuliko kwenda kula nje. Kama umepata mtu wa kukufundisha kubadili karata, zingatia haya ya kumalizia:

1. Kabla hujajifunza hila, jichunguze. Shika karata ukiwa unaangalia tamthilia na umwombe mwenzio akuambie mikono yako inafanya nini. Unazigonga? Unazizungusha? Unazihamisha mkono? Hiyo ndiyo akiba yako, na mwisho wa mchezo wako utatoka humo.

2. Fanya ule mwendo mara kumi bila hila yoyote. Pitisha kiganja mbele ya karata na kisibadilike kitu. Angalia mkono unavyoshuka ukiwa hauna kitu. Halafu fanya na hila, na mkono ushuke vile vile.

3. Karata ikishabadilika, usikimbie. Mwangalie mtu usoni na ushangae naye. Hesabu moja, mbili, ndipo utue mzigo.

4. Mkono usiondoke bila sababu. Uende kuchukua karata umpe mtu, au kuzipanga fungu liwe sawa. Kama huna sababu, acha utulie pale ulipo.

5. Usijionyeshe kwamba mkono ni mtupu kabla hujaulizwa. Mtu anayesema "Angalieni, sina kitu!" ndiye wa kwanza kupekuliwa. Ukishatua mzigo, mikono ikae wazi yenyewe, na anayetaka kuona ataona.

6. Wa mwisho kumwonyesha awe mwenza wako. Ukimpata yeye, mjini hakuna atakayekukamata. Na asipopatikana, mwombe akuambie ameona nini, halafu msikilize bila kubisha.

Hilo la sita ndilo nalipenda kuliko yote. Ni watu wachache sana duniani wanaoweza kukuambia mkono wako wa kawaida unakaaje. Ukiwa na mmoja nyumbani kwako, na bado yuko radhi kukuambia, mshukuru.

Niandikie maoni yako kama kawaida, hasa wewe ambaye uliwahi kumkamata mtu kwa sababu alianza kuongea sana. Mpaka mwezi ujao panapo majaliwa, nakutakia kila la heri.